Nane Nane ya Ipuli imekuwa ya maofisi, mkulima na watoto nao wapewe uwanja

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niseme la Nane Nane kabla halijapoa, maana huku kwetu ikishapita tarehe 8 mwezi wa 8 na maturubai yakikunjwa basi habari imeisha mpaka mwakani, hakuna wa kuuliza wala wa kuulizwa. Langu ni moja tu. Yale maonesho ya Kanda ya Magharibi, yaani Tabora na Kigoma, pale Ipuli mjini Tabora yanaitwa ya wakulima lakini mkulima mwenyewe pale ni mtazamaji, anapita na vumbi lake, anachukua kipeperushi, anarudi kijijini. Wanaoonesha ni maofisi.

Najua watakuwepo wa kusema huyu mama hajui kitu, maonesho yamekua, taasisi zimejaa, watu wamejaa. Ni kweli wamejaa, na sisi tulikuwemo. Mi na mzee wangu na watoto watatu na baba mkwe aliyekuja makusudi toka Sikonge, yule mzee ana mizinga porini tangu ujana wake na alikuwa anataka kuiona kwa macho hiyo mizinga ya kisasa inayosemwa redioni kila siku. Tukajipanga kwenye bajaji mbili, dumu la maji, chapati kwenye hotpoti, karanga za kukaanga, na matobolwa ya babu, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, maana yeye bila matobolwa hasafiri. Asubuhi kale kabaridi ka mwezi wa 8 bado kapo watoto wamevaa masweta, kufika saa 5 masweta yote ninayo mimi mkononi.

Sasa mtoto ukimwambia kesho tunaenda Nane Nane, anachojua yeye ni ng'ombe. Kitinda mimba wangu toka getini ni ng'ombe wako wapi, ng'ombe wako wapi, namwambia subiri mwanangu tutawafikia. Tukaingia banda la kwanza. Meza imetandikwa kitambaa cha satini kina marinda, maua ya plastiki, nyuma bango kubwa lenye picha ya mkulima anacheka, mbele vijana wawili wamevaa fulana za kufanana, wapole kwa kweli, karibuni sana, naomba mtusainie kitabu cha wageni. Jina, unakotoka, namba ya simu, maoni. Tukasaini. Banda linalofuata kitabu. Linalofuata tena kitabu. Bima, mikopo, laini za simu, vyuo, kila mtu ana kitabu na kipeperushi na peni yenye jina la ofisi, mpaka watoto wakaona huo ndo mchezo wenyewe, yule mkubwa akawa anakimbilia kusaini hata hajaambiwa. Wa darasa la tatu banda moja akafika kwenye safu ya maoni akaandika, kwa mwandiko wake ule wa kulala, "sijaona mbuzi". Dada wa banda akasoma akacheka sana akampa na peni. Mi nilicheka pia, ila kwenye kitabu kile chote sidhani kama kuna maoni ya maana kuliko hayo, sijui tu kama kuna mtu atayapeleka juu.

Mifugo ipo, nisiseme uongo. Iko huko mwisho kabisa ambako kivuli kimeishia, ng'ombe wachache wa maziwa na madume makubwa kadhaa, wamezungushiwa kamba, watu wamejaa mbele mpaka mtoto lazima umbebe mabegani ndo aone walau pembe. Wa kueleza hamna. Kuna kibao kimeandikwa aina na umri, basi. Halafu pembeni kuna simba kwenye kizimba, huyo ana foleni kuliko mabanda yote na ana kiingilio chake, tukalipa, ukiwa na watoto watatu utafanyaje. Simba mwenyewe amelala. Yaani simba ambaye hajawahi kumlimia mtu hata tuta moja ndo staa wa sikukuu ya wakulima!

Vipando, yale mashamba ya mfano, navisifia. Ukikuta mahindi ya kijani yamebeba mwezi wa 8 wakati Tabora yote imekauka na mvua mpaka mwezi wa 11, mtoto anashangaa, na wewe unashangaa, unaona kumbe maji yakiwepo inawezekana. Vipando viongezwe. Lakini hata pale aliyelima ni kituo au halmashauri au kampuni ya mbegu, sio baba fulani wa Uyui.

Wazee wanakumbuka zamani sikukuu ya wakulima ilikuwa Saba Saba, siku ya kuzaliwa TANU, 7 Julai 1954, baadaye wakulima tukahamishiwa Nane Nane na Saba Saba ikabaki ya wafanyabiashara kule Dar. Sawa, tukahama. Sasa naona na biashara nayo imepanda treni imetufuata.

Niseme la banda la asali, kwa sababu ndo lililonifanya nishike kalamu. Silitaji ni la nani, vijana wale hawana kosa. Tumefika, kijana akamwamkia baba mkwe vizuri, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaanza somo lake. Mzinga wa gome unaua mti, ukishachuna gome mti wa myombo umekufa, mzinga wa kisasa ni wa mbao, unafungua juu, unavuna bila kuharibu kundi. Baba mkwe anasikiliza kaweka mikono nyuma, anatikisa kichwa, akasema hilo la miti ni kweli kabisa. Halafu akauliza kwa upole kama anavyoulizaga, sasa mwanangu, na nyegere? Kijana akamwangalia mwenzake. Mwenzake akaangalia kipeperushi. Nyegere hayumo kwenye kipeperushi, na kwa mtu wa Sikonge nyegere ndo adui namba moja, anapanda, anaangusha mzinga, anapasua, anakula asali na majana, asubuhi unakuta vipande. Mzee akaanza kueleza yeye anavyoning'iniza kwa waya mbali na shina na mbali na tawi lingine, mnyama akija hana pa kushika, akaeleza na kuchagua mahali, maji yawe karibu, njia ya siafu uiangalie kwanza, akashika ule mzinga wa mbao akaugeuza akaonesha ni wapi angefunga waya. Watu wakaanza kujaa. Kuna jamaa wa Kaliua akauliza swali, mama mmoja akauliza, kijana wa banda mwenyewe akachukua karatasi akawa anaandika. Watoto wangu wamenyamaza kimya, babu yao leo ni mwalimu. Hapo ndo niliona maonesho.

Haikudumu. Msafara wa viongozi ukawa unakuja, wakatokea watu wa kupanga mambo, naomba mtupishe, mzee samahani sogea huko, meza ikafutwa, satini ikanyooshwa. Tukasimama nyuma ya kamba. Msafara ukasimama dakika mbili tatu hivi na yule kijana, mtoto mwerevu, akaeleza miti, akaeleza mavuno, akamalizia na changamoto ya nyegere tunaitatua kwa kuning'iniza mzinga kwa waya mbali na shina. Wakapiga makofi! Baba mkwe alicheka mpaka akatoa leso. Yeye kalichukulia kama utani tu, mi ndo lilinikera. Kwa nini mwenye elimu yake asimame nyuma ya kamba na anayeisoma kwenye karatasi ndo awe mbele ya meza?

Na sio kwamba hatuwezi. Upande wa ndugu zetu wa Kigoma kuna kijana alikuwa na kisu na sahani ya chikichi, hana satini wala kitabu. Anapasua ya mbegu ya kienyeji, dura, anakuonesha gamba nene nyama kiduchu, anapasua ya mbegu mpya, tenera, gamba jembamba nyama nyingi, anakuminyia mafuta kwenye kidole. Kwisha. Darasa la tatu kaelewa kwa nini watu wa Kigoma wanahangaikia mbegu mpya ya michikichi, hakuna aliyempa kipeperushi na mpaka leo anaweza kukueleza.

Sasa nieleze nilichokiona cha wenzetu, na msinielewe vibaya, sisemi Marekani ni pepo. Nina mtoto wa mama mdogo anaishi Des Moines, jimbo la Iowa, naye mwezi huu huu wa 8 walienda kwenye maonesho ya jimbo lao na watoto, akawa ananitumia video Whatsapp usiku kucha, bando langu lilikoma. Iowa ni watu wa mahindi na nguruwe, ndo wanaoongoza Marekani nzima kwa hivyo viwili. Maonesho yao yalianza 1854, yanachukua siku 11, na wanaoingia ni zaidi ya watu milioni moja. Mabembea yapo, vyakula vya kijitini kama mishikaki yetu vipo, tena wenyewe wanachoma hadi kipande kizima cha nguruwe na mfupa wake ndo wanakuuzia unakula unatembea. Wana na kioja cha ng'ombe aliyechongwa kwa siagi, ng'ombe mzima kwa ukubwa wake, karibu kilo 270 za siagi kwenye kabati la baridi la vioo, wanafanya hivyo tangu 1911. Nilimwonesha baba mkwe akaangalia muda mrefu akauliza, na mkate uko wapi?

Lakini kilichonikamata ni ulingo. Wana ulingo umemwagwa maranda, watu wamekaa pembeni kwenye ngazi kama mpirani, na wanaoingia na wanyama ni watoto. Mtoto wa miaka 10, 12, anakokota ndama wake mwenyewe aliyemlisha na kumwosha na kumfundisha kutembea kwa kamba, kuna vilabu vya watoto wa shamba vinaitwa 4-H vinawalea hivyo. Jaji anazunguka, anampapasa ndama mgongo, anainama anaangalia miguu, halafu anachukua maiki anaeleza mbele ya watu wote kwa nini huyu wa kwanza na huyu wa pili, kwato za huyu, mgongo wa yule. Wa kwanza anapewa utepe wa bluu. Baba zao wamekaa huko kwenye ngazi wanang'ata kucha. Na hawaji tu hivi hivi, wengi wanaanzia kwenye maonesho ya kaunti, kama wilaya zetu, na Iowa ina kaunti 99. Kuna na shindano la dume la nguruwe zito kuliko yote, linaloshinda huwa linapita kilo 450, watu wanapanga foleni kumwangalia nguruwe amelala kama sisi tulivyompangia simba, tofauti yule nguruwe kuna familia imemfuga.

Kwetu Nane Nane mkulima bora na mfugaji bora wanatangazwa, najua, anaitwa jukwaani, anapewa zawadi na cheti, anapigwa picha. Tunapiga makofi. Ng'ombe wake hatumwoni, wala hatuambiwi kamzidi nani kwa lipi. Mtu akimaliza kupiga makofi haendi nyumbani na kitu cha kujaribu.

Kanda yetu ina halmashauri 16, 8 za Tabora na 8 za Kigoma. Kila moja ilete watoto kumi tu, wa shule za msingi na sekondari, kila mtoto na kitu alichofuga au kuotesha kwa mkono wake. Jogoo, sungura, mbuzi, boga, mche wa mchikichi toka Kigoma, chupa ya asali aliyovuna na baba yake. Ulingo uwekwe pale mbele ya jukwaa kuu, sio mwisho kule kwenye jua, na jaji apewe maiki aeleze. Na watu wazima nao wapewe yao. Mnajua maksai wa Igunga na Nzega? Vijana wa kule wanalima na plau mstari umenyooka utadhani wamepiga rula, nipe nusu eka ya ardhi pale Ipuli na jozi kumi za maksai halafu uone kama kuna mtu atabaki kwenye banda la mikopo. Urambo na Kaliua waje wapange madaraja ya tumbaku kwa kushindana, kuna wazee wanalijua jani kwa kulishika tu. Kina mama wa Kigoma wakamue mawese tuwaone. Hayo mabanda ya ofisi hayafi, yatabaki, ila yawe pembeni, na wenyewe watapata watu zaidi.

Kuna atakayesema magonjwa. Ni hoja, kuku wa vijiji tofauti ukiwakusanya kideri kikiingia hakuna atakayerudi na kuku. Lakini chanjo ya kideri ipo mpaka vijijini, tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu, maafisa mifugo wapo, asiye na karatasi ya chanjo haingii getini, kwisha. Ng'ombe wa Kibondo hatumsafirishi mpaka Tabora, huyo ashindane wilayani kwao, kinachokuja Ipuli ni vile vyepesi, na treni ya Kigoma ipo. Kuna atakayesema hela. Hela ya satini ipo, hela ya fulana ipo, hela ya kuleta simba ipo. Nadhani hata hizo taasisi zenyewe ukiziambia badala ya kuchapa vipeperushi dhamini zawadi ya beberu wa kisasa kwa mtoto wa Uvinza, zitakubali, jina lao litatajwa kwa maiki siku nzima.

Na kuna la shule. Hii nchi ndo ya Elimu ya Kujitegemea, 1967, shule zilikuwa na shamba na mabanda ya sungura na kuku, mama yangu anasema walikuwa wanagombania zamu ya kulisha. Sa hizi shamba la shule ni mahali pa kupeleka aliyechelewa namba, mtoto anajua jembe ni adhabu. Mpe mtoto sungura wa kupeleka Ipuli uone kama utamwamsha asubuhi.

Kwa kuwa nimeshika kalamu nimalizie na madogo ambayo kila mama aliyekwenda anayajua. Vyoo havitoshi, foleni ya wanawake na watoto inatia aibu, na mtoto wa miaka minne hajui kusubiri. Maji ya kunawa hamna mpaka ununue chupa. Kivuli cha kukaa familia hakuna, ukitandika khanga chini ya mwembe unakuta ni eneo la magari ya wageni unafukuzwa, na mji wenyewe ni Tabora, mji wa miembe! Soda bei mara mbili ya mtaani, hilo nalielewa ni sikukuu, ila maji?

Tuliondoka jioni watoto wana peni za kutosha mpaka darasa la saba. Mkubwa wangu ana majogoo wawili nyumbani, kuchi mweusi na mwingine wa kawaida mwenye madoa, anawalisha mwenyewe na chanjo wamepata, na tangu aone zile video za Iowa anamfundisha yule mweusi kutulia mkononi. Kwa hiyo naomba waandaaji wasome barua hii na watujibu humu humu gazetini: mwakani mtoto akitaka kushindanisha jogoo wake Ipuli, fomu inachukuliwa ofisi ipi, na mwisho wa kurudisha ni lini.

Msomaji wenu,
Isevya, Tabora